Ngazi Arobaini na Mbili

Mkate uko ng'ambo.
Kutoka roshani ya ghorofa ya tatu Nanuli
auona mvuke wa tanuri la Zauri ukipaa,
na siku za upepo wa Mtkvari harufu humfuata hadi kitandani,
lakini kati ya pua na mkate
kuna safu sita za magari
yanayokimbia kama yanadaiwa.

Njia ya miguu ipo, wanasema wahandisi.
Ipo. Chini.
Ngazi ishirini na moja za kushuka kuzimu,
ishirini na moja za kufufuka,
na katikati giza linalonuka mkojo na viazi vya mwaka jana,
taa moja inayokonyeza, muuza soksi asiye na mteja.
Arobaini na mbili, kwa goti
lililotumikia cherehani miaka thelathini na sita.
Jua wameachiwa magari.

Otia alikuwa akipeleka vyakula kwa baiskeli.
Sitasema mengi. Novemba, mvua,
basi dogo lililopinda kulia bila kutazama.
Supu mkobani mwake ilikuwa bado moto
tulipofika.
Mama yake akafunga baiskeli nyeupe kwenye nguzo ya taa;
manispaa ikaja kuing'oa, eti inazuia njia.
Akafunga nyingine. Wakaing'oa.
Ya tatu waliiacha. Hata ukatili una saa za kazi.

Tukaandika barua. Barua ikajibiwa kwa barua.
Tukaenda wenyewe, ofisi ya nne, korido ya kijani,
na Bwana Bakuri akatandaza ramani yake,
akapitisha kalamu juu yake polepole kama anayempapasa paka:
"Barabara hii, mama, ni mshipa mkuu wa Tbilisi."
Nanuli akavaa miwani, akainama, akaangalia sana.
"Na sisi, mwanangu," akasema, "ndio damu?"

Usiku wa kuamkia Jumatatu, saa tisa,
tulishuka na rangi iliyobaki tulipopaka ukuta wa jengo:
mimi, Zauri, mama Otia ambaye hakusema neno,
wanafunzi wawili wa udaktari wenye taa vichwani.
Nanuli alipiga lile lile goti bovu,
akapima lami kwa utepe wake wa kupimia viuno,
akachora kwa chaki ya nguo, bapa, ya buluu:
hapa paka, hapa ruka, hapa paka.
"Mnyama mwenyewe sijamwona," alininong'oneza,
"huyu pundamilia. Akivuka, huvukaje?"
Niliwahi kusoma mahali. "Kwa kundi, bibi."
Akaitikia kwa kichwa, kama aliyetajiwa bei ya haki.

Mistari kumi na minane. Wa saba umepinda,
hapo lori lilipotukurupusha.

Jumatano wakaja kuifuta kwa rangi nyeusi,
nyeusi ya bei rahisi, ya zabuni.
Magari yenyewe ndiyo yaliyotufaa:
matairi yakaila nyeusi ile, yakaichubua, yakaila,
hadi mwezi Machi weupe wetu ukachungulia,
mstari wa kwanza, wa nne,
na ule wa saba na kilema chake.

Hatujashinda. Taa za kuvukia hakuna. Teksi bado hupiga honi
kana kwamba tumeingia sebuleni mwao na viatu.
Ila wapo wanaosimama,
wakiishangaa miguu yao wenyewe juu ya breki.

Na jana asubuhi nilimwona Bakuri
kwenye mdomo wa lile shimo
na kigari cha mtoto, mjukuu au wa uzeeni, sikuuliza,
akitazama chini, midomo ikihesabu,
kisha akitazama upande wetu.
Nanuli alikuwa ameshatia mguu mmoja barabarani,
mfuko mtupu wa mkate begani.
Akageuka. Hakucheka, Mungu anamwona.
"Njoo," akamwambia. "Huyu huvuka kwa kundi."